Uso Ulioletwa Nyumbani

Mgeni alivaa kwanza glavu nyeupe, ndipo akafungua sanduku. Ndani yake, juu ya pamba, ulilala uso wa plasta. Ulikuwa uso wa baba wa babu yake Bi Somoe, aliyekamatwa zamani na Wazungu waliokuja kupima vichwa vya watu weusi na kunakili nyuso zao kwa plasta.

"Mifupa yake hatukuipata," mgeni akasema. "Makumbusho yetu yanaomba radhi. Hiki ndicho kilichobaki."

Uani palijaa ukoo mzima, na kaburi lilikwisha kuchimbwa. Mzee Chilumba, mkubwa wao, akamtikisia kichwa Bi Somoe. "Sisi hatuziki plasta, mwanangu. Waambie vijana wakalifukie kaburi."

"Ngoja kidogo, baba mkubwa," Bi Somoe akamjibu. "Nimtazame."

Akainama. Macho yale yalikuwa yamefumbwa kwa nguvu, ngozi imejikunja pembeni, midomo imebanwa. Bi Somoe alikuwa ameosha maiti wengi mjini pale, na hakumwona hata mmoja aliyekaza macho namna ile. Walimpaka plasta angali hai.

Kisha akaona weusi kidogo chini ya jicho. Akadhani ni uchafu, akasogea karibu zaidi. Zilikuwa kope za mtu, nyembamba, zimenasa kwenye plasta tangu siku walipoibandua usoni pake.

Bi Somoe akaziba mdomo kwa kiganja, pumzi yake isije ikazipeperusha.

"Baba mkubwa," akanong'ona, "waambie wasilifukie kaburi. Yumo."