Visoda Ukutani

"Ingia haraka," Mama Limi alisema, akamvuta bosi wake Mchina ndani na kufunga mlango. Ndipo alipokumbuka ukuta.

Jana yake vijana wa maandamano walivunja nyumba ya Mchina kwenye karasha, mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu, pale Kagongwa. Mama Limi, mpishi wake, aliingia nao akabeba picha: karatasi ndefu ya milima na mto, iliyoviringishwa. Mchina alizoea kuifungua mezani kidogo kidogo, akimwambia, "Twende polepole, mama."

Ukuta wa Mama Limi ulikuwa mfupi. Aliikata vipande vitatu kwa kisu cha mboga, akavipigilia misumari yenye visoda, vile vifuniko vya chupa za soda, ili karatasi isichanike.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mmoja wa vijana wale. "Mama Limi! Wewe si ulichukua ile picha? Mwenyewe, yule Mchina, umemwona?"

"Hapa hayupo."

Vishindo vikaenda zao.

Alipogeuka, Mchina alikuwa ameweka kidole pale kisu kilipompitia mtu mdogo wa pichani aliyekuwa akivuka daraja. Mguu wake wa mbele ulikuwa kwenye kipande kingine, juu, karibu na bati.

"Asante, mama," alisema, bila kumtazama.