Sauti ya Bi Siwema

Ilipofika saa saba mchana, wanawake waliokaa mkekani msibani walinyamaza, redio ikafunguliwa. Bi Siwema, mfiwa, aliegemea ukuta, miguu imemfa ganzi. Tangu mumewe akate roho alfajiri hajatoa hata chozi. Amechoka tu.

Miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyesoma matangazo ya vifo redioni. Mwaka jana kituo kilileta mtambo unaosoma wenyewe, ukafundishwa sauti yake, naye akapewa saa ya ukutani, akaambiwa sasa apumzike.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha," ilisema redio kwa sauti yake. Ikasita kidogo, ikameza mate. "Bwana Kibwana Mshamu."

Ndivyo alivyokuwa akifanya kabla ya kila jina, hata la mtu asiyemjua. Alidhani hakuna aliyewahi kuligundua hilo.

Wanawake wakaangua kilio. Wifi yake, Mwanakheri, akamshika mkono.

"Umemsomea vizuri kaka yangu. Ulikwenda kurekodi saa ngapi, na msiba huu?"

"Sikwenda, wifi. Si mimi yule."

"Si wewe vipi? Mpaka mate tumesikia ukimeza."

Bi Siwema alitaka kumtaja mumewe mwenyewe, kwa mdomo wake, walau mara moja. Akafungua kinywa. Akasita, akameza mate.

Wenzake wakanyamaza kumsubiri. Redioni sauti yake nayo ilikuwa imesita, ikimeza mate, tayari kwa marehemu wa pili.