Kihispania cha Ghorofa ya Sita

"Plancho, planchas, plancha," alisema mpiga pasi, na kwa kila neno akapitisha pasi mara moja juu ya foronya. Napiga pasi, unapiga pasi, anapiga pasi. Foronya ya tatu ilipokuwa tayari alikohoa mpaka akashika meza.

"Na sisi sote?" wifi yake aliuliza kutoka upande wa mashine, mikono imejaa mashuka yaliyolowa.

"Plancha... planchamos."

"Ehee! Wifi, umeiva."

Wifi ndiye aliyekuwa mwalimu. Mke huyu wa mdogo wake alikuwa na kichwa chepesi kupita kiasi. Alinunua kitabu cha wanaoanza kwenye meza ya vitabu vilivyotumika, na wiki ya pili akawa ameshakimaliza. Ndiye aliyemfafanulia kwamba sisi kitenzi tunakibadilisha kichwani, ninafua, unafua, anafua, na hawa wenzetu wanakibadilisha mkiani, basi. Kuna familia tatu, ya ar, ya er na ya ir, kila moja na mikia yake. Mpiga pasi, mwenye miaka hamsini na mbili na shule aliyoiacha zamani, alijiona mjinga siku tatu za kwanza, halafu akaanza kunogewa. Lavo, nafua. Como, nakula. Toso, nakohoa. Hilo la mwisho hakuhitaji kulikariri.

Tangazo lilikuwa limebandikwa mlangoni pa chumba cha kufulia. Anatakiwa mhudumu mmoja wa chumba cha chakula cha ghorofa ya sita, wanapokula wenye hoteli wakija kutoka kwao Hispania. Wafanyakazi wa idara zote wanaruhusiwa kuomba. Jaribio la Kihispania litakuwa Jumatatu saa nne asubuhi.

"Yule wa zamani walimtoa kwa nini?" mpiga pasi alimuuliza fundi wa lifti.

"Kihispania," fundi alijibu, kichwa ndani ya sanduku la nyaya. "Nasikia ndicho kilichomponza."

Mpiga pasi alicheka moyoni. Mvivu yule, kitabu chembamba hivi kilimshinda! Yeye hakitamshinda. Kule juu kuna madirisha, kuna hewa. Daktari alishamwambia bila kumung'unya maneno kwamba akikaa kwenye mvuke ule mwaka mmoja zaidi, mapafu yake hayatamfikisha wa pili. Kazi nyingine ya kuendea hakuwa nayo. Alikuwa anaogopa kufa, ndiyo hivyo tu, na woga ule ulimfanya mwepesi wa kukariri na mgumu wa kuona haya.

Tatizo lilikuwa mwalimu. Wifi naye alikuwa ameomba.

Jumatatu asubuhi, wakivaa sare, mpiga pasi alimvuta wifi yake nyuma ya makabati.

"Wifi, wewe una miaka ishirini na tisa. Utapata nyingine."

"Si tulikubaliana atakayeshinda ashinde, wifi?"

"Mumeo nimemlea mgongoni mimi. Hapa nimekuingiza mimi. Nimewahi kukuomba kitu?" Akakohoa. Kikohozi cha kwanza kilikuwa cha kweli, cha pili alikitia chumvi. "Rudisha karatasi tupu. Hilo tu. Ukiandika hata neno moja, siku ya kunizika usije ukalia."

Wifi aliinama, akahangaika na kifungo kimoja muda mrefu. Alipoinua uso macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Nimekuachia," akasema. "Mungu akupe afya."

Mpiga pasi akamkumbatia, na juu ya bega la mwenzake akatabasamu. Haya hakuona hata chembe. Alichoona ni madirisha.

Waliofanya jaribio walikuwa saba, na maswali yalikuwa ishirini. Mimi naishi, wewe unaishi, yeye anaishi: vivo, vives, vive. Kalamu ilikwenda yenyewe. Mpishi aliyekaa pembeni yake alitafuna yake mpaka wino ukamchafua mdomo. Mpiga pasi aliinua macho mara moja tu, kuhakikisha. Wifi alikuwa amekaa mikono mapajani, karatasi mbele yake nyeupe pe. Mpiga pasi alijisikia kumpenda kweli, kwa dakika ile.

Saa nane mchana meneja akawaita ofisini. Alisimama mbele ya meza yake, aproni mpya ya hariri imekunjwa juu ya mkono wake.

"Ishirini kwa ishirini," akasema, akimtazama mpiga pasi. "Hongera, mama. Sikutegemea kabisa."

Wenzake walipiga makofi. Mpishi akapiga mluzi. Mpiga pasi akanyoosha mikono yote miwili kupokea aproni.

Meneja hakumpa.

"Wenye hoteli wanazungumza mambo yao mezani," alisema. "Mtu anayewaelewa hawamtaki kule juu hata kwa dawa. Mama, wewe utabaki chini kwenye pasi, na kuanzia leo ghorofa ya sita usikanyage. Hata kupeleka mashuka, hapana. Na nyinyi wengine mliopata mawili matatu, hali kadhalika."

Akachukua karatasi tupu mezani, akaigeuza mbele na nyuma, kisha akamgeukia wifi.

"Dada, wewe kweli hujui hata neno moja?"

Wifi alimtazama mpiga pasi mara moja, akapokea aproni.

"Hata moja, bosi."