Patasi na Jembe

Kwenye msalaba wa saruji wa mwanawe, Leokadia aliandika: "Konsolata, miaka saba. Aliuawa na maji ya kiwanda cha Gervasi." Gervasi akamshtaki kwa kumchafulia jina, na siku ya kesi mahakama nzima ikahamia makaburini.

"Ukweli ni kinga, mama," hakimu alisema. "Thibitisha, uende zako."

"Mji mzima ulimwona akitapika, mheshimiwa."

"Mji mzima umeajiriwa kiwandani, na leo haukupewa ruhusa," wakili wa Gervasi akadakia, akicheka. "Lakini sumu haiozi, imo mifupani. Tumfukue, apimwe. Au huna hakika, mama?"

Karani akamwekea miguuni patasi ya kufutia maneno yale, na jembe. Achague.

Gervasi akatazama saa. Alikwisha kuwaambia watu kwamba hakuna mama atakayelishika jembe hilo.

Leokadia akavua kitenge cha mabegani, akakitandika kando ya kaburi na kukinyoosha pembe zote nne, kama anayemtandikia mtoto aliyesinzia. Kisha akainama, akaokota jembe.

Wakili akatoa leso, akaziba pua mapema.