Mlango Uliochomelewa

Miaka yote Shaweji aliyoshindana kwa magari, mama yake hakuwahi kumtazama. Leo Bi Mwanahawa, mkunga mstaafu, alikubali kuja. Akawa wa kwanza kusimama gari la mwanawe lilipogonga ukuta, likabiringika na kutulia ndani ya vumbi.

"Mbona hafungui mlango?" aliuliza.

"Umechomelewa, mama," fundi wa timu alimjibu. "Yote huchomelewa, isifunguke ajalini. Anaingilia na kutokea dirishani."

Uwanja mzima ukainuka. Halafu mkono wenye glavu ukachomoza dirishani, ukapapasa hewa.

"Ametanguliza mkono," Bi Mwanahawa akanong'ona. "Alipozaliwa pia alianza na mkono."

Kikafuata kichwa, kikubwa kwa kofia ngumu. Likaja bega moja, kisha la pili, polepole. Shaweji akaanguka chini, akajiinua, akasimama.

Kwenye uzio, mama yake alikuwa ameivua kanga ya mabegani na kuitandaza mikononi, kama alivyowapokea watoto wote wa mji ule.

Shaweji akavua kofia. Nyuma yake madereva wenzake walikuwa wakizunguka polepole, wakimsubiri aondoke njiani ili mbio ziendelee. Mbele yake kanga ilikuwa ikipepea.