Rangi ya Kucha

Tatu alikuwa ameshamsuka Raya nusu ya kichwa pale uani, kamera ya ukutani ilipotoa sauti ya Hemedi, mumewe Raya, aliyekuwa kazini.

"Mwambie shoga yako apunguze kucheka. Hana kwake?"

Tatu alijitanda kanga haraka, akatoka bila kuaga.

Raya akapanda kwenye kiti kwa hasira. Akapaka kioo cha kamera rangi ya kucha, akaacha upande wa mlango wa nje tu.

"Ua silioni!" kamera ikafoka.

"Mlango unauona?"

"Nauona, lakini..."

"Si ulisema ni ya wezi? Watapita hapo."

Akachukua chanuo amfuate Tatu. Alipofika mlangoni akajifunika gubigubi, kama mbele ya mwanamume asiyemjua.