Miiba ya Baba Chenga

Nungunungu alijaliwa mwana mmoja tu, Chenga, naye Chenga akiitwa na babake hukimbia. "Mtoto huyu ana kasoro," Nungunungu aliwaambia majirani. Akamfunga kamba kiunoni, akamkokota hadi kwa Fuko, msuluhishi wa wazazi na wana. Fuko haoni, hupapasa. Na desturi yake ni kukaa katikati ya wagomvi.

Fuko akaifungua kamba, akampapasa Chenga toka pua hadi mkia. "Huyu mzima wa afya, Baba Chenga. Hebu mwite kama unavyomwita nyumbani."

Nungunungu akavuta pumzi. "We Chenga! Njoo hapa!"

Miiba yote ikasimama wima. Chenga akachupa nyuma ya mlango; Fuko akapata mitatu ya pua.

"Alaa!" alisema Fuko akiichomoa. "Mgonjwa nimempata. Laza miiba yako, mzee."

"Miiba gani?" Nungunungu aliuliza, maana mgongo wake hakuwahi kuuona.

Fuko akamtia mmoja kiganjani. Nungunungu akaujaribu kwa ncha ya ulimi, akanywea. "Hii ndiyo humchoma mwanangu?"

"Kila ukimwita."

Kuilaza hakukuwa kazi ndogo. Ya mkiani iligoma mara mbili. Ilipolala yote, akaita taratibu, "Chenga, baba, njoo."

Chenga akachungulia, akaja.

Walirudi mchana kweupe, majirani wakiwakodolea macho. Kamba waliiacha kwa Fuko. Chenga alikuwa juu ya mgongo wa babake, palepale penye miiba, akiimba kwa sauti, wala haukumchoma hata mmoja.